Dada Yetu, Aliyeambiwa ni Wivu Tu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, kwa maagizo ya marehemu mwenyewe. Aliyatoa akiwa kitandani, akili yake timamu, kisha akayarudia ili yasije yakapunguzwa. Alisema, "Usinifanye mtakatifu. Andika nilikuwa na wivu. Lakini andika pia kwamba nilikuwa naumwa. Ukiandika kimoja ukaacha kingine, utakuwa umenizika nusu." Kwa hiyo vyote viwili vimo.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao. Baba alikuwa dereva wa lori na mama alishona mashati ya watu pale pale sebuleni. Alikuwa mtoto wa kwanza, na kwa zaidi ya miaka saba alikuwa mtoto wa pekee. Baba akisafiri, yeye ndiye aliyelala kitandani na mama, na asubuhi aliwatangazia majirani, "Leo kitanda ni chetu." Baba akirudi, alimpokea mkoba mlangoni kwa adabu zote, akamletea maji ya kunywa, halafu akamuuliza, "Baba, unaondoka tena lini?" Baba alikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na kila mara alicheka yeye kabla ya wasikilizaji.

Tarehe 2 Novemba 1973 alizaliwa mdogo wake. Marehemu aliletwa chumbani, akakitazama kile kitoto, akauliza kitakaa mpaka lini. Bibi alimwambia kitakaa sana. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikataa kutumwa maji ya kumwogeshea mtoto. Alikalia nguo zake. Mgeni akisema, "Jamani, mtoto mzuri huyu," yeye alidakia, "Hajui hata kusoma." Hayo hayana ubishi, naye hakuyakana.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 alianza kusema mgongo unamuuma. Alisema hivyo kila mama alipoketi kumnyonyesha mtoto, na hilo ndilo lililomponza. Watu wazima walitazamana wakacheka. Bibi alisema, "Mtoto wa miaka saba ana mgongo gani wa kuuma?" Shangazi, ambaye ulimi wake nyote mnaujua na yuko hapa anacheka, alisema, "Huyo haumwi. Huyo amepokonywa." Ukweli aliueleza marehemu mwenyewe alipokuwa mtu mzima: alikuwa akisema wakati ule kwa sababu ndio wakati pekee mama alipokuwa ametulia. Saa nyingine zote mama alikuwa mbiombio, na maumivu hayasemeki kwa mtu anayepita.

Usiku maumivu yalizidi. Akaanza kukojoa kitandani, ilhali alikuwa ameacha tangu ana miaka mitatu. Wakasema anajifanya mtoto mchanga ili naye abadilishwe nguo. Mguu wa kushoto ukaanza kuburuzika. Wakasema anamwiga mdogo wake, ingawa mdogo wake wakati huo hata kutambaa alikuwa hajaanza. Katika picha ya familia iliyopigwa mwezi Machi, mama amekaa na mtoto mapajani, baba amesimama nyuma, na marehemu yuko kando, ameinamia upande wa pili kama mti uliosukumwa na upepo. Picha ile ilitundikwa sebuleni, na kila aliyeingia alionyeshwa: "Mwone alivyomkwepa mwenzake!" Ikaitwa picha ya wivu. Hakuna aliyejiuliza mtoto anawezaje kununa kwa uti wa mgongo.

Siku moja ya Agosti mwaka huo, mama alichoka. Shangazi na bibi walikuwa uani wanachambua mboga. Marehemu alikuwa ameanza tena wimbo wake wa mgongo. Mama akamweka mtoto mkekani, akachutama, akasema, "Haya, njoo. Si unataka kubebwa? Nitakubeba kama mwenzio, tuone nani atachoka."

Shangazi akapiga makofi. "Mbebe! Mfunge na kanga kabisa!"

Marehemu akapanda, naye akicheka. Mama akainuka. Hapo ndipo alipojua. Mguu wa kulia ulimkamata kiunoni kama anavyokamata mtoto yeyote anayebebwa. Wa kushoto ulining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba.

"Bana na huu," mama akasema.

"Nimebana, mama."

"Hujabana."

"Nimebana!"

Shangazi aliacha kucheka. Mtoto mkekani alikuwa analia, na hakuna aliyemwinua. Mama alisimama hivyo kwa muda, mkono wake ukipapasa ule mguu kutoka gotini hadi kisiginoni. Kisha, bila kumshusha, bila kubadili nguo, alitoka naye mgongoni hadi zahanati. Aliyebebwa alikuwa mtoto wa miaka minane, mrefu kuliko wenzake, na njia yote ile ni ya kupanda.

Zahanati iliwatuma hospitali ya wilaya, na hospitali ya wilaya ikawatuma hospitali kuu. Baada ya picha za eksirei na vipimo vingine, daktari wa mifupa aliwaita wazazi. Aliwaambia kwamba kwenye pingili moja ya uti wa mgongo kumeota uvimbe wa mfupa. Si saratani, hausambai, wala hauli mwili. Lakini umeota kwa ndani, kwenye njia ya mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni na kwenye kibofu, na unaibana. Kule kuinama upande hakukuwa kununa. Mwili ulikuwa unajikunja kuukwepa uvimbe.

Baba akauliza, "Kama si ugonjwa mbaya, mbona mguu umekufa?"

Daktari akamjibu, "Mzee, hata mtu mwema, akikaa katikati ya mlango, hampiti."

Mama aliuliza swali moja tu: "Tungewahi?"

Daktari alizirudisha picha ndani ya bahasha. Akasema, "Mama, tumsaidie kuanzia leo."

Alipasuliwa Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1974. Uvimbe ulitolewa wote. Maumivu ya usiku yaliisha kana kwamba yamezimwa, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alilala mpaka asubuhi. Miguu, hata hivyo, haikuamka; sasa hata wa kulia ulikuwa umelegea. Madaktari walisema mishipa iliyobanwa muda mrefu huenda ikarudi, huenda isirudi, na kwamba jambo la muhimu ni mtoto mwenyewe ajaribu. Zikapita wiki, hakujaribu. Mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mrefu wa viatu vya raba ambaye watoto walimwita Bi Hesabu kwa kuwa hakuwa na neno jingine ila "moja, mbili, tatu," alimshika makwapani kila asubuhi, naye kila asubuhi alimjibu, "Miguu haitaki."

Sababu nyingine, nje ya mishipa, ilikuwepo, na Bi Hesabu aliihisi mapema. Mama alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa bibi, akahamia wodini. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha marehemu. Alimlisha, alimsuka, alimhadithia. Marehemu alikuwa amerudishiwa mama yake mzima, bila mshirika. Kutembea maana yake ilikuwa kurudi nyumbani. Bi Hesabu alimwambia mama, "Huyu anaumwa kweli, lakini pia yuko likizo."

Daktari alipoelezwa, hakucheka. Alisema misuli isiyotumika inasinyaa, na kwamba mwezi ukiisha hivi, kiti cha magurudumu kitakuwa chake cha kudumu. Mama alisikia. Hakuthubutu kumwambia mwanawe kwamba ni wivu. Neno hilo alikuwa amelitumia vibaya mara moja, na hakutaka tena kulitamka.

Kitanda cha nne kutoka pale alilazwa mvulana aliyevunjika paja, mguu wake umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba. Mama yake alikuwa amerudi kwao kujifungua. Mama yetu akaanza kumlisha uji, kwa huruma tu. Siku ya tatu yule mvulana akamwita mama.

Marehemu alipaza sauti kutoka kitandani kwake, "Wewe! Huyo si mama yako. Wako yuko kwenu anazaa."

Mvulana akameza uji kwanza. "Huyu ni wa wodi nzima."

"Nakuja huko."

"Njoo basi. Si huwezi!"

Wodi ikacheka. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mvulana, amempa mgongo marehemu, hakuona kilichofuata. Waliona wagonjwa na Bi Hesabu, aliyekuwa mlangoni amebeba mashuka. Marehemu alijivuta hadi ukingoni, akashusha mguu wa kulia, akashusha wa kushoto kwa mikono, akashika chuma cha kitanda, akasimama. Akavuka kwenda kitanda cha pili, akashika. Cha tatu, akashika. Mguu wa kushoto ulikuwa ukifuata kwa kuburuzika, lakini ulikuwa ukifuata. Alipofika cha nne alishika gauni la mama kwa nyuma, akasema, "Mama, shuka hapo."

Bi Hesabu alitupa mashuka. "Jamani, anatembea! Anatembea!"

Mama aligeuka, akamtazama kuanzia miguuni kwenda juu. "Siyo kutembea huko," alisema, machozi yakimtoka na kicheko kikimpanda. "Huo ni wivu!" Halafu akakaa chini sakafuni, bakuli la uji mkononi, akashindwa kuinuka. Mvulana alidai uji wake uliobaki. Hakupewa.

Waliruhusiwa tarehe 28 Novemba. Nyumbani, mdogo wake, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa kwa kikombe na kwa machozi, hakumtambua mama, akakimbilia kwa bibi. Marehemu aliliona hilo akasema, "Amekusahau? Basi tumwachie bibi." Mama aliitoa ile picha ukutani siku hiyo hiyo. Kila mwaka hadi 1980 marehemu alirudishwa kupigwa eksirei, na uvimbe haukurudi. Mguu wa kushoto ulibaki dhaifu kidogo. Kibofu hakikurudi sawasawa, ingawa jambo hilo alilificha kwa werevu, na ni wachache waliolijua.

Kwa ajili ya ugonjwa alipoteza mwaka mmoja wa masomo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na kidato cha nne mwaka 1984. Alikuwa mzuri katika hesabu na kemia. Mdogo wake alipoingia shule na kushika namba moja, marehemu alikwenda kwa mwalimu kuomba karatasi zisahihishwe upya. Mwalimu alizisahihisha, akaongeza alama mbili. Marehemu hakuwahi kwenda tena.

Mwaka 1985 alianza kazi katika studio ya picha iliyokuwa mkabala na posta. Alichagua kazi hiyo kwa kuwa ina stuli, na kwa kuwa chumba cha giza hakiingiwi na mtu mwingine. Mwenye studio alipozeeka, mwaka 1993, alimwachia. Watu walimwita Mama Nyoosha, kwa sababu kabla ya kubonyeza kamera alimwambia kila mtu, awe hakimu au mwuza karanga, "Nyoosha mabega, nyoosha shingo." Ile picha ya familia aliidai kwa mama, akaitundika dirishani, katikati ya maharusi. Wateja waliuliza, "Huyu mtoto aliyejipinda ni nani?"

"Ni mimi. Nilikuwa naumwa."

"Kumbe! Mimi nilidhani unamwonea wivu mdogo wako."

"Na hilo pia."

Studio nyingine ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, yenye mashine ya kutoa picha papo hapo, alihamishia stuli yake dirishani. Aliyetoka kule alipigiwa kelele, "Hebu nione! Ah, wamekutoa mweusi hivi, ulikuwa umeungua?" Baada ya mwaka mwenye studio ile alikuja kumsalimia, wakagawana kazi: yeye pasipoti, dada harusi. Dada alisema alikubali kwa amani, lakini stuli haikutoka dirishani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na fundi redio wa mtaa wa pili. Fundi alikuja kupiga picha ndogo ya kitambulisho, akarudi kulalamika haijafanana naye, akapigwa nyingine, akarudi tena.

"Imefanana," dada alimwambia. "Tatizo ni wewe mwenyewe."

"Basi nitakuja mpaka nifanane."

Katika ndoa alikuwa mke mwaminifu na mlinzi mkali. Mwanamke akileta redio, dada alitokea na chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Shemeji alilalamika kwamba wateja wanamdhani ni mkaguzi wa serikali. Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa kike mwenye sauti nyororo, na shemeji alipenda kujaribia redio kwa kipindi chake. Dada alivumilia mwezi mmoja. "Kwani redio ikipona," aliuliza, "lazima imsikie huyo kwanza?" Kuanzia hapo redio zote za mtaa zilijaribiwa kwa taarifa ya habari.

Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1994 na wa kiume mwaka 1998. Mwana wa kiume alipozaliwa, dada yake, aliyekuwa na miaka minne, alisema tumbo linauma. Marehemu, akiwa na kichanga mkononi na mwili bado haujapoa, alimpeleka hospitali saa ile ile. Daktari alimpima, hakuona kitu. Akatabasamu: "Mama, huu ni wivu tu wa mtoto."

"Wivu umeupima kwa kipimo gani?" marehemu akamuuliza. "Mpime tena, mgongo na miguu pia."

Alipimwa tena. Ulikuwa wivu tu. Walirudi wakicheka, na binti akanunuliwa aiskrimu. Marehemu alikuwa akisema, "Ni afadhali nicheke wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda."

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Madaktari walieleza kwamba kibofu kisichomwaga vizuri kwa miaka mingi huzichosha figo polepole, na kwamba mwanzo wake ni ile mishipa iliyobanwa utotoni. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hata huko alipigania kiti cha dirishani, na mwalimu mmoja mstaafu aliyewahi kukikalia aliombwa kwa heshima zote ahame, akahama.

Mama alikuwa akimsindikiza. Siku moja alimsikia nesi akieleza habari ya mishipa, na akarudia lile swali lake la mwaka 1974, safari hii kwa mwanawe. "Tungewahi, mwanangu? Mimi ndiye niliyesema wivu."

Marehemu alikuwa amefungwa mirija, hakuweza kugeuka. "Si wewe tu, mlisema wote. Na mimi nilikuwa nao kweli, mama. Ningekuwa mtoto mwema mngeniamini mapema." Kisha akasema, "Mguu uliugundua wewe. Hakuna daktari aliyenibeba." Mama akaanza kulia. Marehemu akamnong'oneza, "Usilie hapa. Yule wa kiti cha pili anakutazama, sasa hivi ataanza kukuita mama."

Hali yake ilibadilika mwezi Mei mwaka huu wa 2024. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mume wake alikuwa kando yake. Mama alikuwa amemshika ule mguu wa kushoto, ambao siku hizo ulikuwa wa baridi daima.

Mapema wiki hiyo alitaka asomewe karatasi hii. Alirekebisha tarehe moja na kukataa neno "mpole". Mdogo wake alipofika kwenye orodha ya walioachwa, alisoma, "Ameacha mama yetu mpendwa."

"Mama yenu nani?"

"Mama, dada. Mama yetu."

"Siku hiyo awe wangu. Wewe utakuwa naye kesho yake, na keshokutwa, na siku zote nisizokuwepo. Unanizidi. Hilo moja niachie."

Mdogo wake alichukua kalamu. Mstari ulifutwa palepale, mbele ya macho yake, naye akatazama mpaka ulipoandikwa upya.

Marehemu ameacha mama yake. Ameacha mume, binti na mkwe, mwana wa kiume, wajukuu wawili, shangazi, na mdogo mmoja. Mama aliyekaa hapo mbele, leo ni wa marehemu peke yake.

Apumzike kwa amani dada yetu. Leo hagawani na mtu.